Jibu kwa Shemeji Hatibu

Shemeji, juzi tulipokuwa tunakula uliniuliza,
mkono mmoja sahanini, mwingine ukihesabu hewani:
Jumamosi hamsini na mbili kwa mwaka,
masaa manne kila moja,
kule juu ya duka la vitambaa, Barabara ya Kumi na Mbili,
"na hao mafundi wenzio wanakupa nini?"
Nikasema, "Chai."
Ukacheka hadi ukapaliwa.

Kweli ni chai. Na siku nyingine hata chai haipo,
sukari imekwisha, na Mwantumu, mweka hazina,
ameandika daftarini: sukari, deni, tutaona.
Mimi ndiye ninayefungua mlango. Ninafagia.
Napanga viti kumi na tisa;
cha ishirini kina mguu wa kuazima.
Naandika nani kaahidi nini,
na wiki inayofuata namkumbusha,
naye ananichukia kidogo.

Kisha wanapanda ngazi: fundi simu wa Makorora,
dada wa benki aliyevua viatu asichafue sakafu niliyoifagia,
yule bwana wa bandarini ajuaye kila kitu ila kusikiliza,
na vijana wawili wa chuo wanaogombea koleo moja.
Tunaanza waya, alifu kwa ujiti:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Mara tatu, kwa sauti,
mpaka muuza vitambaa anagonga kwa ufagio
dari yake, ambayo ni sakafu yetu.

Semboja alikuja hajui kichwa cha waya wala mkia.
Aliharibu vichwa thelathini na kimoja.
Nilivihesabu, maana nilivinunua mimi.
Cha thelathini na mbili kikawasha taa ya kijani,
akaikodolea macho
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mgeni.

Na mimi, unadhani nilizaliwa najua?
Kihiyo wa posta alinikalisha jioni tisini hivi,
hakutaka hata nauli,
akahamishiwa Korogwe kabla sijamwambia ahsante.
Deni lake haliwezi kurudi lilikotoka.

Unasema mkono mtupu haulambwi. Sawa.
Basi sikia ya usiku ule wa vuli
mtandao wa wodi ya wazazi ulipokufa, saa nane.
Kampuni yenye mkataba, ile inayolipwa,
simu yake ikaniambia nisubiri,
ikanipigia kinanda.
Nikampigia Semboja.
Akaja kwa baiskeli kutoka Mabawa,
suruali imekunjwa hadi gotini, koleo mfukoni,
hakuuliza swali ila moja: "Taa ipi imezima?"

Usidhani alifanya muujiza.
Tulihangaika, tukalaumiana,
tukafungua kilichokuwa kizima tukakivuruga,
nikamfokea, akanyamaza, akaendelea.
Adhana ya alfajiri ndipo tulipomkuta mbaya wetu:
panya, ndani ya bomba la waya.
Alikuwa amekula buluu na kijani,
kahawia hakuitaka.

Mkunga alikuwa akiandika watoto kwa mkono,
wanne tangu giza liingie,
wala hakuinua macho.
"Imerudi?"
"Imerudi."
Akageuza ukurasa.

Sikuandika popote masaa yale.
Semboja alikwenda zake kulala,
na vile vichwa vinane tulivyotumia
sijui nimdai nani.
Ndiyo maana uliponiuliza
nilitafuta namba ya kukujibu, mtu wa hesabu wewe,
nikaikosa, nikasema chai.

Jumamosi njoo, shemeji.
Kiti cha ishirini hakina mtu; kikalie polepole.
Huna haja ya kujua waya,
tuna daftari la madeni linalohitaji macho kama yako.
Ila Mwantumu anasema
ukija, uje na sukari.